Mwitaji wa Kinamasini

Watu walimwita Bi Tope, na wala hakuona haya. Tangu usichana aliingia kinamasini, maji kiunoni, akipapasa kwa nyayo mpaka akanyage kiazi cha yungiyungi. Kiazi kichungu hicho, acha tu! Ukikichemsha mara moja kinakuwasha koo. Yeye alimwaga maji na kuchemsha upya hadi kilainike, na nyumba nzima ikashiba.

Mke wa mwanawe alikuwa mtu wa kuja, mwenye adabu zake. Ukimwita tu: "Abee!" Siku ya kwanza alipoitika hivyo kinamasini, Bi Tope alimfinya mpaka akalia.

"Huku hatuitiki, we mjinga! Kwenye matete kuna Mwitaji. Ukimjibu, anakuzamisha."

Mwanawe akaunga mkono, maana ndivyo alivyolelewa.

Bi Tope mwenyewe hakuamini hata chembe. Bibi yake alishamwambia ukweli: mwaka wa njaa kubwa watu waligombea viazi hivi, wakawaacha wadhaifu wazame huku wakiita, kisha wakawadanganya watoto kwamba sauti ile ni ya jini. Lakini uongo ule ulimfaa sana kumtia mkwe adabu, basi akaushikilia.

Asubuhi moja ya ukungu aliwaacha wawili wale ukingoni wakimenya viazi. Akaaga kwamba anakwenda nyumbani kuwasha moto. Wapi! Alizunguka nyuma ya matete, kwenye viazi vinono alivyowaficha kwa uchoyo wake. Mguu ukakosa chini. Matope yakamshika mapaja, yakapanda hadi kifuani.

"Mwanangu! Nazama!"

Kisha akamsikia mkwe, karibu kabisa: "Abe..." Mkono wa mumewe ukamziba mdomo.

"Usiitike! Unataka kufa?"

"Lakini ni mama!" mkwe alilia, akijinasua.

"Mama yuko nyumbani."

"Sipo nyumbani!" Bi Tope alipiga yowe. Alikohoa, akatema matope. "Hakuna jini! Niliwadanganya! Walikuwa watu tu, waliachwa! Baba, nakuomba, ninyooshee hata fimbo!"

Aliona kwenye upenyo wa matete miguu ya mwanawe. Alimzaa mwenyewe, akamfundisha mwenyewe. Miguu ile ikarudi nyuma, na ya mkewe ikiburutwa pamoja nayo.

"Jamani," mwanawe alisema, "leo limemwiga mpaka kikohozi. Twende haraka tukamwambie mama."