Magoti ya Mama Mkutanoni

Nafundisha somo la uraia katika sekondari moja mjini Bukoba, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kwenye mkutano wa kijiji sauti ya kila mtu mzima ina uzito sawa. Tangu mkutano ule wa kijijini kwetu Muleba, maneno hayo yananikwama kooni.

Mama alinipigia simu nikiwa nyumbani kwangu Nyanga. Mstaafu mmoja mwenye gari kubwa alikuwa amezungushia seng'enge kipande cha rweya, ile nyika ya nyasi ambayo ni mali ya kijiji kizima, apande misonobari. Njia ya kwenda chemchemi ikawa imefungiwa ndani. Wanawake wakawa wanazungukia bondeni kuchota maji na kupandisha mlima na ndoo kichwani, na mama yangu, mjane mwenye goti bovu, akizunguka nao. Alitaka kulisema hilo mbele ya watu. Nikapanda basi nikaenda.

Tulikutana kwenye uwanja wa shule. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye nyasi, na mwenyekiti kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha kufuma. Mwenyekiti huyo nimesoma naye shule ya msingi, na senene za jikoni kwetu amezila sana. Mama aliponyoosha mkono na kusimama, mwenyekiti akamwangalia juu mpaka chini.

"Maawe, karibu uzungumze," akasema, akimwita mama kwa Kihaya. "Lakini kwanza tusalimie kwa heshima, kama mila zetu zinavyotaka."

Alimaanisha apige magoti. Kwetu mwanamke hupiga magoti akiwasalimia wakubwa, na mimi mwenyewe nampigia baba mdogo mpaka leo bila kinyongo. Lakini ni mila gani inayompigisha mama mzima magoti mbele ya mtu wa umri wa binti yake? Kwa mila hizo hizo, yeye ndiye aliyepaswa kuinuka na kumwamkia mama. Nikasimama nikamwambia hivyo, tena kwa sauti.

"Mwalimu, hapa hatuko darasani," akanijibu kwa upole wa kukera. "Hanipigii mimi, anaheshimu nafasi. Demokrasia ipo, kila mtu anaruhusiwa kusema. Ila adabu kwanza."

Mabenchi yakacheka. Mstaafu alikuwa mbele kabisa akichezea simu yake. Yeye alishazungumza, na hakuinua hata makalio.

Nafasi! Nafasi hiyo alipewa na nani? Wanawake wale wale wa kwenye nyasi walipanga foleni juani kumpigia kura, na wakati wa kampeni alikuwa akiwaamkia mmoja mmoja, mpaka wanaochota maji. Nilikasirika. Nikamshika mama, nikamwambia twende zetu nyumbani.

"Niache," akanijibu kwa Kihaya. "Wewe una bomba huko Nyanga."

Akashuka. Alitanguliza goti zima, halafu lile bovu, na nikamsikia akivuta pumzi kwa meno.

"Waitu," akaanza kwa neno letu la heshima, kisha akaeleza habari ya njia, ya mlima, na ya mama mjamzito aliyeanguka na ndoo. Hakupayuka wala hakubembeleza. Kura ilipoitishwa, mikono ilinyooshwa kwanza kwenye nyasi, halafu hata kwenye mabenchi. Ikaamuliwa seng'enge iondolewe njiani.

"Mnaona faida ya adabu?" mwenyekiti akasema, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kilichoshinda ni hoja ya mama na mikono ya wenzake, na huyu bwana alikuwa anaiba ushindi huo mchana kweupe, huku mama bado yuko chini. Alishindwa kuinuka. Mimi na jirani tulimshika kwapa tukamnyanyua.

Njia sasa iko wazi, na wanawake wanapita na ndoo zao. Nikimpigia simu mama, huniambia maji ya chemchemi ni matamu kuliko ya bondeni. Huletewa na jirani, kwa sababu tangu siku ile goti lake halimfikishi hata kwenye rweya.