Gofu ya Mapazia Mazito

Kwa masikitiko makubwa, ukoo wetu unawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba shemeji yangu, mume wa dada, anapanga tena safari ya gofu ya pwani. Huu ni mwaka wa tatu. Huitandaza ramani juu ya meza ya kulia, akaipapasa kwa kiganja laini kama sabuni iliyolowa, kisha hupiga simu hotelini kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama dhambi. Haulizi uwanja una mashimo mangapi. Anauliza kama kuna chumba mwisho wa korido, mbali na watu, chenye kitanda kipana na mapazia mazito. Gofu gani hii ya mapazia? Akikata simu huzifuta fimbo zake kwa kitambaa, moja moja, ingawa hazijawahi kuonja tope.

Jana dada alifungasha virago vyake, akaniambia niende nikamchimbe huyo bwana kabla yeye hajaondoka. Nilimkuta chumbani anapanga begi. Nikamwambia, "Shemeji, wacheza gofu huvaa glavu mkono mmoja, kwa hiyo jua huwaunguza mkono mmoja tu. Wewe kila ukirudi mikono yote ni rangi moja. Dada anataka kuondoka. Sema tu, huyo mwanamke ni nani?"

Hakushtuka. Alitoa soksi, akaikunja upya, akairudisha.

"Naenda kulala, shemeji. Dada yako anakoroma."