Magoti ya Mwalimu Vasanta

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa fimbo fupi na kigogo cha mbao, nikaketishwa sakafuni. Kazi yangu ilikuwa kupiga kigogo na kutaja mapigo kwa mdomo, tai-ya-tai, ili miguu ya Mwalimu Vasanta isipotee. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, sisi Wahindi tulipohama Kenya na pasipoti zetu za Uingereza, wengi tukaangukia Handsworth, mtaa wa Birmingham. Yeye Mtamil wa Nairobi, mimi Mgujarati wa Mombasa. Lugha yetu ikawa Kiswahili. Kabla yake hatukumjua mtu yeyote Birmingham aliyefundisha ngoma ya Kihindi ya jadi. Nyinyi mnaojaza madarasa leo, yeye ndiye aliyewafungulia mlango.

Ngoma hii huchezwa pekupeku, magoti yamekunjwa kuelekea nje, njuga zimefungwa vifundoni. Kabla ya kuanza, mchezaji huinama akagusa sakafu, kisha macho yake: anaiomba ardhi radhi kwa kuikanyaga. Mwalimu hakuruka hatua hiyo hata siku moja, hata mbele ya watoto wa shule ya Kings Heath waliocheka wakidhani ameangusha kitu.

Tulikuwa chini ya Mkaguzi wa Muziki wa shule za jiji, bwana mrefu asiyevua tai, aliyetutuma shule hadi shule. Katika shule ya Moseley tulipewa ukumbi wa chakula, mara tatu kwa juma. Sakafu yake zege, juu wametandika vigae vyembamba vya plastiki. Mwalimu aligonga kisigino mara moja tu, akajua.

"Nirmala, hii simiti tupu. Mwambie Mkaguzi nataka mbao. Bila mbao sichezi."

"Nitamwambia, Mwalimu."

Sikumwambia. Niliogopa. Nilijiona mgeni aliyepewa kiti halafu anadai na mto. Nilidhani bwana yule akiudhika ataifuta kazi yote, nami nirudi kiwandani kukaza skrubu. Juma lililofuata nikasema, "Amekataa, Mwalimu. Anasema sakafu ni sakafu."

Akafunga njuga. "Basi watoto wasikose. Piga."

Nikapiga, miaka sita. Mwalimu alianza kushuka ngazi kinyumenyume, magoti yakimuuma. Kisha akafundisha ameketi, mikono na macho tu, na wanafunzi wakadhani ndio mtindo. Alipoacha kabisa hakuwa amefika miaka arobaini.

Mkaguzi alipostaafu alitualika chai. Nilikwenda peke yangu, nikamwambia kwa uchungu kwamba magoti ya Mwalimu yamekwisha kwa sababu ya zege lake. Akaweka kikombe chini.

"Mbona hamkuniambia? Pale pale Moseley, ghorofani, kulikuwa na ukumbi wa mbao. Haukutumiwa na mtu."

Mwalimu alikufa akimlaumu bwana yule. Sikumsahihisha.

Nami nimestaafu sasa. Leo kuna studio yenye picha yake ukutani na sakafu ya mbao inayonesa. Siku ya kuifungua niliitwa msaidizi wake mwaminifu, wakanipigia makofi, nikayachukia makofi yale. Msichana mmoja mwenye njuga mkononi akanisogelea, akaniuliza kwa Kiingereza kama Mwalimu naye alicheza juu ya sakafu kama hii.

"Hapana, mwanangu. Aliyetumwa kumwombea sakafu ya mbao hakuiomba."

"Nani huyo, Auntie?"

Nikamwambia afunge njuga zake, wenzake wanaanza.