Niliposhonea Roketi Mbili

Nilipowaambia wanawake wenzangu wa mtaani kwetu Alum Rock kwamba nimeacha kushona nguo za harusi na sasa nashonea roketi, walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Sikuwalaumu. Lakini mkono wangu niliujua. Nilianza kushona Eastleigh, Nairobi, nikiwa msichana, nikashona Uholanzi miaka sita, na kitambaa ni kitambaa popote: ukijua kinavyovutika, kitakutii.

Karakana yetu ilikuwa Digbeth, mtaa wa viwanda katika mji huohuo, ndani ya ghala la zamani lenye mlango mzito wa chuma. Tulishona vifuniko vya kukinga joto, vile vinavyovalishwa mabomba na nyaya ili moto usiviharibu. Msimamizi alikuwa Mzee mmoja Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, aliyejifunza ufundi katika karakana za reli Nairobi. Tuliongea Kiswahili kutwa, na wenzetu wakadhani tunagombana. Mara nyingi tulikuwa tunagombana kweli.

Kazi kubwa ilihusu roketi ya serikali ya Marekani, lile dude refu la kupeleka watu mwezini. Sisi tulishonea sehemu ya chombo ambacho roketi hiyo ingekibeba, nayo ilikuwa ikiundwa huku Ulaya. Kila kifuniko kilikuja na faili nene, na mishono ilikaguliwa kwa lenzi. Kimoja changu kilirudishwa kwa sababu tu mtu hakuandika namba ya bunda la uzi. Nilikasirika, Mzee akafurahi.

"Hivyo ndivyo kazi ya serikali inavyofanywa," alisema. "Pole pole, lakini haianguki."

Kazi ya pili iliingia ndani ya mfuko wa dukani. Mhandisi msichana kutoka kampuni changa ya binafsi, iliyokuwa ikijaribu kuunda roketi ya bei nafuu, alitoa mfukoni kifuniko kilichoungua kama chapati iliyosahaulika jikoni. Alitueleza kwamba kila wakishaijaribu injini yao, hulazimika kukikata kifuniko kwa makasi ili wafikie bomba, kisha wanakitupa. Tungeweza kuwashonea cha kuvuliwa na kuvalishwa tena?

"Naweza," nilisema kabla Mzee hajafungua mdomo.

Nilikusudia kuacha upande mmoja wazi, pindo moja lilale juu ya jingine, kisha lifungwe kwa waya laini. Yule msichana alipoondoka, Mzee alinigeukia.

"Mama, roketi si leso ya kufunga kiunoni. Mshono uliofungwa ndio salama."

"Mzee, kitu cha kuvaliwa mara moja hushonwa kama sanda. Hawa wanataka nguo."

Wiki hiyohiyo, Februari ya 2018, kampuni moja ya Marekani ilirusha roketi yake kubwa. Asubuhi iliyofuata, wakati wa chai, niliweka simu mezani tukatazama. Roketi mbili za pembeni zilishuka pamoja, zikatua zimesimama wima. Mzee alirudisha picha nyuma mara tatu.

"Na ile ya katikati?" aliuliza.

"Ilikosa shabaha. Imeanguka baharini."

"Umeona!" alisema, lakini aliirudisha tena.

Kifuniko cha kwanza nilichomshonea yule mhandisi kilirudi na tundu linaloingia ngumi. Sikuaibika, nilikisoma. Pindo lilikuwa limeelekea kwenye moto, na uzi ulikatikia hapo hapo. Nikashona cha pili, pindo nikaligeuzia upande wa pili na uzi nikaubadilisha. Hicho kilivaliwa majaribio matano kikarudi kimepauka tu kidogo. Nilikishika siku nzima kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kwenye ile kazi ya serikali hakuna kifuniko kilichowahi kurudi kunionyesha kilichokipata.

Wakaagiza kumi zaidi. Wiki hiyo nilikuwa na homa, mwenzangu akavishona kwa kufuata karatasi ya maelekezo ya kile kifuniko cha kwanza, kwa kuwa mpya sikuwa nimeiandika. Viwili vikaungua. Nilirudi kazini nikamkuta Mzee amekaa kwenye kiti changu. Hakupaza sauti.

"Ulijua wewe peke yako," alisema. "Ukiugua, na ujuzi umelala kitandani."

Hilo liliniuma kwa kuwa lilikuwa kweli. Jioni hiyo nilikaa naye tukaandika ukurasa mmoja wenye mchoro, uzi gani na pindo liangalie wapi. Alitaka kurasa kumi na mbili. Nilikataa. Tukaelewana ukurasa mmoja, lakini uandikwe upya kila kifuniko kinaporudi na habari. Viwili vile tulivishona tena, na kampuni haikutuacha.

Mzee alistaafu mwaka uliofuata, nami nikapewa usimamizi wa kazi zote mbili. Za serikali niliendelea kuzihesabia mishono bila kunung'unika, na za binafsi nikazishona haraka bila woga. Wale wanawake wa Alum Rock waliacha kucheka. Wawili wakaja kuomba kazi, na mmoja nikamchukua.

Hata baada ya kustaafu, Mzee alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa mchana.

"Ile kubwa ya serikali imeruka?"

"Bado, Mzee."

"Itaruka."

"Najua. Nimeishonea mwenyewe."