Chumvi Iliyokubaliwa na Kompyuta

Gunia moja la chumvi na jina la mtu mmoja: hiyo ndiyo gharama yote, nimeihesabu mara mbili. Gunia lilikuwa langu. Jina lilikuwa la fundi wa maabara ya maji tuliyemzika Kibuli wiki iliyopita, mtu mpole aliyejifunza Mombasa kupima chumvi ya bahari, akarudi Kampala na programu ya kompyuta ndani ya boksi la kadi zenye matundu.

Miaka ile ya wanajeshi chumvi iliuzwa kwa kunong'onezana. Mimi, muuzaji wa soko la Kikuubo, nilinunua gunia kwa afande mmoja aliyenipunguzia bei upesi mno, nikashtuka. Nikampelekea fundi konzi moja. Akaiyeyusha, akapima jinsi maji yale yanavyopitisha umeme, akayalinganisha na maji halisi ya bahari aliyokuwa nayo chupani, kisha akaipa kompyuta ule uwiano. Jibu: sawasawa na bahari. Akarudia, likawa lile lile. "Niandikie karatasi, ssebo, bwana wangu, nikauze," nikamwambia. "Ngoja. Programu hii inaamini kila unachoyeyusha kimetoka baharini. Ukiidanganya mara mbili, nayo itakudanganya mara mbili." Akachanganya punje zangu na chokaa na maji, akaninusisha. Harufu ya choo cha shule! Gunia lilikuwa limechanganywa na mbolea. "Nusa tena," akacheka, "si wewe huhesabu mara mbili?"

Tukalimwaga shimoni. Lakini Kikuubo waliniuliza chumvi iko wapi, na afande alipita pale kila asubuhi. Nikasema fundi ameiharibu kwa dawa zake. Wakamwita Bwana Bahari. Akaondolewa maabara, akaishia kuuza samaki aina ya ngege ziwani Ggaba. Nilimfuata kuomba radhi. "Afande bado yuko?" akauliza. "Yuko." "Basi nyamaza, ssebo. Nunua ngege." Nilinunua, na kwa mara ya kwanza maishani sikuomba kupunguziwa.

Utawala ule ulikwisha, afande akatoweka, nami nikaendelea kunyamaza. Kila mwaka nilijiuliza kwa nini, nikajijibu: hofu. Jibu halikubadilika kwa sababu kipimo kilikuwa kibovu. Hofu ilishaondoka zamani, iliyobaki ilikuwa aibu.

Mazikoni binti yake aliniuliza, "Mzee, ni kweli baba aliharibu chumvi ya mtu?" Hajui mtu huyo ni mimi. Nilimwambia nitamjibu Ijumaa, na leo ni Jumatano. Ninyi mliowahi kuchelewa namna hii, nielekezeni: nianze na neno gani?