Moshi ya Pamba

Municheke tu, minastahili. Minafundisha histoire hapa Butembo, na kila siku ya Mungu, kisha misa, tunachezaka vita ya zamani ku meza ya salle ya paroisse, miye na Papa Saidi, mwenye anauzishaka bitenge. Baroma ni bake, ba Karthago ni bangu. Bote ni basoda badogo ba udongo, na kila ngabo niliipaka rangi miye mwenyewe.

Juzi niliongeza mugini: nyumba za boîte za kiberiti, na juu yake pamba nyeusi, njo moshi. Mama Kavira, mwenye anafagiaka salle, akasimama kuangalia. Alikimbia vita kule Eringeti. Ile nilijua, mais bujinga yangu ikaniambia kazi yangu inamupendeza.

"Sogea, mama," nikamuambia. "Tupa dé. Ukipata sita, mugini yote inaungua."

Akatupa. Sita.

"Mama, umechoma yote!" Nikapiga makofi, mwalimu muzima, na diplôme yangu. Hapana mutu alinifuata. Papa Saidi akaanza kuangalia biatu byake.

Mama Kavira akasukuma pamba polepole na kidole, akaangalia katikati ya nyumba.

"Mwalimu, batu ba humu banakimbilia wapi?"

Nikainama, nikatafuta njia ku meza yangu. Farasi nilikuwa nimezipatia hata kwato. Njia, hapana. Na batu ba mugini, sikuweka hata mumoja.