Machoni pa Bibi Mwenye Nyumba

Mwenyekiti wa kina mama kanisani kwetu Ukunda aliponivuta pembeni baada ya ibada, nilidhani anataka nimshonee gauni. Kazi yangu ni sindano. Hoteli moja ya Diani ina chumba cha nyuma, karibu na mahali pa kufulia, nami hukaa humo na cherehani nikitia pindo mashuka na viraka vitambaa vya meza. Watu wakinivuta pembeni huwa ni kwa habari ya nguo.

"Mwalimu wetu amesafiri," akasema. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi utatufundisha wewe. Somo ni Mtazamo wa Mkristo."

"Mimi?"

"Wewe unasoma vizuri. Sauti yako yasikika hadi barabarani."

Nilikubali kwa sababu alikwisha kuondoka.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Bongwe, kwa bibi mmoja wa Kidigo, mjane, Mwislamu wa swala tano. Tulikaa nyumba moja, yeye upande wa mbele, mimi upande wa uani. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Mchana na usiku alivitambua, na kivuli cha mtu alikiona kikipita, lakini uso wa mtu hakuuona tena. Binti yake wa pekee aliolewa Bodo. Kwa hiyo tulikubaliana tangu nilipohamia kwamba mimi nitafagia nyumba nzima na kujaza pipa la maji, naye atanipikia siku ninazochelewa kazini. Mapishi yake hayakuhitaji macho. Wala ukili wake wa mikeka haukuyahitaji: alisuka miyaa, yale majani makavu ya mkindu, kwa vidole akiwa ameinua uso juu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Jioni ya kwanza nilikaa barazani karibu naye, Biblia magotini, nikalitafuta neno "mtazamo". Nilipekua kurasa zote nilizozijua, sikulikuta. Nilikuta macho. Macho kila mahali. Nikaanza kusoma kwa sauti, maana ndivyo ninavyofikiri, na kila nilipomaliza habari moja nikaandika neno lake kwenye daftari.

Bibi akasuka, akasikiliza. Baada ya muda akauliza, "Hivi hao watu wenu, mbona kila mmoja huinua macho kwanza ndipo aone? Yule mzee aliyetaka kumchinja mwanawe ameinua macho, akaona kondoo dume. Yule mwingine ameinua macho, akaona ngamia waja. Walikuwa wameyaweka wapi?"

Nilicheka, kisha nikatazama daftari. Kweli, nilikuwa nimeandika "akainua macho yake" mara sita bila kujiuliza.

"Labda walikuwa wanatazama chini, bibi."

"Basi andika hivyo. Watu wengi hutazama chini."

Tangu jioni ile akawa mwalimu wa mwalimu. Mimi mtu wa bara nasema "angalia" kwa kila kitu: angalia ile ndege, angalia picha hii. Yeye hakuvumilia. "Kuangalia ni kulinda," akaniambia. "Waangalia mtoto asianguke, waangalia chungu kisifurike. Kutazama ni kuelekeza jicho. Kuona ni pale kitu kinapokuingia. Ndiyo maana mtu huona njaa, huona baridi, huona haya. Njaa ina rangi gani?"

Nikarudi kwenye habari ya kijakazi aliyekimbilia jangwani akiwa na mimba, akakutana na malaika kando ya chemchemi, akampa Mungu jina la Mwenye kuona. Nilikuwa nikidhani maana yake ni Mungu ana macho makali. Nikaisoma upya na sikio la bibi, nikaelewa kwamba msichana yule alikuwa amemwingia Mungu, kama njaa inavyomwingia mtu. Nikaandika ukurasa mzima.

Tulipofika kwenye habari ya boriti na kibanzi aliweka ukili chini kabisa. Nilimweleza mfano wa Yesu: mtu anataka kumtoa mwenziwe kibanzi jichoni, na yeye mwenyewe jichoni mna boriti.

"Boriti naijua," akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa mkata boriti Bodo, kwenye mikoko. Boriti haingii jichoni. Haingii hata mlangoni mpaka watu wawili waiinamishe." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo bwana alikuwa na mzaha! Nyinyi husoma haya kwa nyuso zilizonuna, sivyo?"

Nikakiri kwamba ndivyo.

Kisha ikaja jioni ya kipofu wa njiani. Alikuwa akipiga kelele, watu wakimnyamazisha, naye akazidi. Alipoletwa mbele akaulizwa anataka afanyiwe nini.

"Ala!" bibi akasema. "Kipofu aulizwa ataka nini? Si wamwona?"

Nikamwambia hata mimi sijui kwa nini aliulizwa. Nikageuza ukurasa. Lakini bibi hakuendelea kusuka. Miyaa ililegea mapajani mwake.

"Aliulizwa," akasema polepole, "kwa sababu wako wasiotaka."

Nilikuwa nimekwisha kumwambia mara mbili kwamba madaktari wa macho watakuja hospitalini Msambweni mwezi ule, na kwamba kutoa mtoto wa jicho si kazi kubwa siku hizi. Mara zote mbili alinijibu, "Niliyoyaona yanatosha, alhamdulillahi." Nilidhani anaogopa kisu. Nikamwuliza.

"Kisu sikiogopi, nimezaa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama msichana, "Mara ya mwisho nilipojitazama kwenye kioo, mwanangu, nilikuwa mzuri."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimshika mkono tu. Baadaye, nikiwa ninafunga daftari, akasema, "Siku ya madaktari ni lini?"

Tulikwenda kwa tuktuk asubuhi, yeye amevaa buibui la kutokea na amejipaka marashi kama anayekwenda arusini. Njiani alinishika kiganja kwa nguvu, na ili ajisahaulishe akanisimulia habari ya Nabii aliyemlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe. Mwana yule alikuwa hai, mkubwa wa nchi ya mbali, akatuma kanzu yake, baba akafunikwa nayo usoni, macho yakarudi.

Mimi niliijua familia hiyo, lakini kwa upande wetu kanzu ni moja tu, ile iliyochovywa damu na kupelekwa kwa baba ili aamini mwanawe ameliwa na mnyama. Nikamwambia. Akageuza uso kwangu.

"Basi nyinyi mna kanzu ya kulia na sisi tuna kanzu ya kuona," akasema. "Alhamdulillahi, kanzu mbili."

Hospitalini muuguzi alishika kalamu akauliza mimi ni nani wake.

"Mpangaji wangu," bibi akajibu.

"Mpangaji? Watoto hawako?"

"Binti yuko Bodo, atakuja jioni. Huyu ndiye anayenisomea."

Muuguzi akanitazama, akaandika sijui nini.

Walimfanyia jicho la kulia. Binti yake alifika, tukakaa naye wodini, na asubuhi ya pili daktari, binti mdogo mwenye miwani, alikuja kumtoa pamba. "Shikamoo, bibi," akasema, akambandua plasta taratibu, akamfuta kope, akanyoosha mkono. "Vidole vingapi?"

Bibi alikunja uso. Alipepesa. Machozi yalimtoka upande mmoja.

"Bado kuna ukungu," akasema. Kisha: "Vitatu. Na hicho cha kati ukate kucha."

Wodi nzima ilicheka, daktari naye, akauficha mkono nyuma. Bibi akamtazama binti yake, akamwita kwa jina la utotoni, wakashikana. Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama muda mrefu, toka juu hadi chini.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, bibi."

"Sauti ni yako," akasema kwa mashaka. "Lakini mimi nilimpangisha mama mmoja mnene, mweupe, mtu mzima. Huyu mwembamba katoka wapi?"

Tulirejea Bongwe adhuhuri. Nilikuwa nimejaa furaha, nikijiona kama mmoja wa wale waliomteremsha mgonjwa kupitia darini. Bibi aliingia ndani, akasimama katikati ya chumba chake akizungusha kichwa polepole. Akaomba kioo. Kilikuwa kimetundikwa ukutani miaka yote bila kazi. Nilikitungua, nikakipangusa kwa kanga, nikampa.

Akajitazama. Akagusa shavu, akagusa kope. Mimi na binti yake tulimtazama kutoka mlangoni.

"Kumbe ni mama yangu," akasema. "Alikuwa humu muda wote." Akatabasamu yule bibi, na mama yake akatabasamu naye.

Ingekuwa vizuri habari ikome hapo. Lakini alipoinua macho kunirudishia kioo, aliona mahali kilipokuwa kimetundikwa. Buibui walikuwa wamejenga mji mzima. Jicho lake likapanda hadi darini, likateremka nyuma ya kabati, likaenda chini ya kitanda, na kila lilikokwenda nami nilikwenda nalo, nikiona kwa mara ya kwanza chumba nilichokuwa nikikifagia zaidi ya mwaka mmoja.

Ukweli ni huu: nilifagia palipokanyagwa. Bibi alitembea bila viatu, nyayo zake zingejua mchanga, kwa hiyo sakafu ilikuwa safi. Juu ya kabati nyayo hazifiki. Sikuwahi kujiambia, "Haoni, basi niache." Niliacha tu.

"Mwanangu," bibi akasema.

"Naam, bibi."

"Ufagio wa dari uko wapi?"

Sikujua hata kama tunao. Binti yake aliukuta nyuma ya mlango wa uani, mpya, bado umefungwa kamba ya dukani. Niliona haya, na siku hiyo nilielewa kwa nini husemwa haya huonwa. Niliingiwa nayo toka kichwani hadi miguuni.

Na kwenye daftari langu, ukurasa wa tano, nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu maneno ya mtume kwa watumwa, kwamba watumikie kwa moyo mnyofu, si kwa utumwa wa macho. Kando yake niliweka alama ya nyota. Nilikuwa nimepanga kuwaambia kina mama kwamba hiyo ndiyo kazi ya mtu anayefanya vizuri anapotazamwa tu. Mfano niliokuwa nimeuchagua ni wa vijana wa hotelini.

Nilifagia mpaka alasiri. Bibi alikaa kwenye kiti, kitambaa juu ya jicho kama alivyoagizwa, na kila mara alikinyanyua kidogo kunielekeza: "Pale. Hapana, kushoto. Pale." Hakunigombeza. Nilipomaliza, nikiwa na vumbi kichwani, nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanipangusa nywele.

"Mimi pia nilikuwa nakupikia mchele wenye chuya, usiochambuliwa," akasema. "Nilijua zimo. Nikasema huyu wa bara hatatambua."

"Nilitambua, bibi."

"Na hukusema?"

"Hukuwa ukiziona. Nikaona haya kukwambia."

Tulitazamana, kwa jicho lake moja na yangu mawili, tukacheka wote wawili kama wezi waliokutana dirishani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilisimama mbele ya kina mama kumi na wanane, daftari mkononi. Niliwaambia kuhusu kuinua macho, na kuhusu msichana wa jangwani. Niliwaambia kwamba neno mtazamo silioni sana kwenye Maandiko, ila husemwa "machoni pa": mfalme huyu alitenda mabaya machoni pa Bwana, mtu yule alipata kibali machoni pake. Macho ya nani, ndilo swali. Kisha nikafika ukurasa wa tano. Nilitazama ile nyota nyekundu. Wale vijana wa hoteli nikawaacha, nikasimulia habari ya dari.

Walicheka sana. Kicheko kilipotulia, mwenyekiti wetu, mwanamke wa kuheshimika kabisa, akainua mkono akasema yeye humfulia mama mkwe wake mashuka upande mmoja. Hakuna aliyejua kama ni mzaha. Mama aliyekaa nyuma akasema hata yeye ana neno. Tulitoka jua likiwa limeinama, na chai ilikuwa imepoa kwenye birika.

Jicho la pili bibi aliahidiwa baada ya miezi miwili. Kabla ya hapo alitaka kwenda Bodo kumwona binti yake na wajukuu, aende mwenyewe, bila kushikwa mkono. Jumatatu asubuhi alipanda bodaboda mbele ya nyumba, kanga mpya kiunoni, akamwonya dereva kwamba anaona mashimo yote, asijidai. Jioni simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya binti yake, lakini sauti ni ya bibi, na alikuwa akipiga kelele kana kwamba ndiye anayetakiwa asikike mpaka Bongwe.

"Mikoko ni mibichi!" akasema. "Nilikuwa nimesahau. Na hawa watoto ni warefu, na mmoja ana pengo, na mama yao akivua mtandio ana mvi, mwanangu, mvi kuliko mimi, nimemwambia atie hina. Subiri, kuna ndege hapa, ngoja nimtazame vizuri, nitakwambia yukoje."

Nikasubiri, simu sikioni, nikimsikia akipumua.